Alifu, Be na Mizani: Mafunzo ya Herufi kwa Watoto wa Pwani na Nafasi Yake katika Historia ya Ushairi wa Kiswahili

Utangulizi

Historia ya fasihi andishi ya Kiswahili imezoeleka kuanzishwa na hati zilizosalia. Hutajwa Utendi wa Tambuka na tarehe yake ya 1728, hutajwa tenzi za Pate, Siu na Lamu, kisha mhakiki huingia moja kwa moja katika maudhui na fani. Hatua iliyozitangulia hati hizo hurukwa. Kabla ya mtunzi kushika kalamu, kabla ya mnakili kunakili na msomaji kughani, kulikuwa na mtoto aliyeketishwa mkekani, akawekewa ubao mapajani, akaonyeshwa mstari mmoja uliosimama na kuambiwa kwamba huo ni alifu.

Makala haya yanakusudia kuirejesha hatua hiyo katika uhakiki. Hoja yake ya msingi ni kwamba namna mtoto anavyofundishwa kuitambua na kuiandika herufi humpa dhana fulani ya kusoma, na kwamba dhana hiyo haimtoki anapokuwa mtunzi au msomaji wa ushairi. Katika pwani ya Afrika Mashariki mafunzo hayo yalipitia mabadiliko makubwa katika muda usiofika karne moja, yaani kutoka ubao wa chuoni na hati za Kiarabu hadi kibao cha shuleni na hati za Kirumi. Mabadiliko haya yamejadiliwa sana kama suala la dini na siasa ya ukoloni, nayo hakika ni hayo. Lakini pia ni suala la fasihi, kwa kuwa mhakiki wa leo anausoma ushairi ulioandikwa kwa herufi ambazo yeye, mara nyingi, hakufundishwa.

Ubao wa Chuoni

Neno chuo katika Kiswahili cha kale lilibeba maana mbili. Lilikuwa mahali pa kufundishia watoto, na lilikuwa kitabu. Utendi wa Tambuka wenyewe hujulikana pia kama Chuo cha Herekali. Kwamba lugha iliridhika na neno moja kwa shule na kitabu si jambo dogo, kwani linaonyesha kuwa kwa jamii ya pwani kwenda kusoma na kukiendea kitabu fulani lilikuwa tendo moja. Kitabu hicho kilikuwa msahafu.

Maelezo ya mapema yaliyochapishwa kwa Kiswahili kuhusu maisha ya chuoni yamo katika Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1903 kutokana, kwa sehemu kubwa, na maandishi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo. Mzazi alimkabidhi mwalimu mtoto wake pamoja na mamlaka ya kumwadhibu. Mtoto alikuwa na ubao wake. Na safari ya masomo ilipimwa kwa juzuu, hadi siku ya kuhitimu. Vyuo vya namna hii vilienea kutoka visiwa vya Lamu hadi kusini mwa Kilwa, vikiongozwa na walimu wa kiume na hata wa kike, katika nyumba za watu, katika kumbi na katika vibaraza vya misikiti.

Alifbe ya Kiarabu ina herufi 28. Ugumu wa kuzifundisha haumo katika wingi wake, bali katika kufanana kwake. Be, te na the zina umbo moja. Kinachozitenga ni nukta: moja chini, mbili juu, tatu juu. Zinapoingia katikati ya neno, nuni na ye nazo huvaa umbo hilohilo, hivyo herufi tano hubaki zikitofautishwa na nukta peke yake. Jimu, he na khe hali kadhalika. Isitoshe, herufi nyingi hubadilika umbo kulingana na mahali zilipo, iwapo zimetanguliwa au zimefuatwa na nyingine. Na zipo sita, mathalani alifu, dali na re, ambazo hukubali kuungwa na iliyotangulia lakini hukataa kuunganishwa na inayofuata. Mtoto, basi, hakukariri michoro 28 iliyotulia. Alijifunza jamaa za maumbo na alama ndogo zinazomtenga ndugu mmoja na mwingine.

Ndiyo maana mwalimu wa chuoni alianza na wimbo wa nukta. Watoto walitaja kwa pamoja kila herufi, wakieleza kama ina nukta au haina, na kama inayo, ni ngapi na zipo wapi. Jicho lilifundishwa kutazama kidogo kilichoongezwa badala ya umbo kubwa. Mtoto aliyepitia zoezi hili alitoka akijua kwamba nukta moja ikikosewa neno limekwisha kugeuka. Adabu ya unakili wa hati, ile hofu ya mnakili ya kuharibu maneno ya mwenziwe, ilipandwa mapema hivyo.

Kuandika kulifuata kusoma, na si kila aliyefika kwenye la pili alifika kwenye la kwanza. Mwalimu aliandika ubaoni kwa kalamu ya mwanzi, mtoto akasoma na kukariri, ubao ukaoshwa, somo jipya likaandikwa. Baadaye mtoto aliyapitia kwa kalamu maandishi ya mwalimu, kisha akaandika mwenyewe pembeni. Kuoshwa kwa ubao kuna maana yake. Maandishi ya mwanzo ya mtoto hayakukusudiwa kubaki. Yalihamia kifuani ndipo yakafutwa. Mtengano mkali kati ya fasihi simulizi na fasihi andishi, ambao wahakiki wengi wameuchukua kama jambo la kimaumbile, haukujulikana na mtoto huyu. Kwake andiko lilikuwa ngazi ya kufikia ukariri, na ukariri ulikuwa thibitisho la andiko.

Herufi Yenye Irabu na Mizani ya Shairi

Baada ya kuzitambua herufi peke yake, mtoto alifundishwa kuzitia irabu. Kila herufi ilipitishwa katika fataha, kasira na dhuma, na kutamkwa kwa sauti: ba, bi, bu, ta, ti, tu. Kisha ilikuja sukuni, alama ya herufi isiyo na irabu, na shada. Jambo la kuzingatiwa hapa ni kwamba kipashio cha kusoma alichokishika mtoto hakikuwa konsonanti peke yake, wala irabu peke yake. Kilikuwa herufi iliyobeba irabu, yaani silabi.

Kwa lugha ya Kiarabu, ambayo maneno yake mengi hufungwa na konsonanti, zoezi hili ni hatua ya kupita tu. Kwa Kiswahili, ambacho silabi zake karibu zote huishia kwa irabu, zoezi hili ni lugha yenyewe. Neno baba likiandikwa kwa hati za Kiarabu lina be mbili, kila moja na fataha yake. Silabi mbili, herufi mbili zenye irabu. Hata pale ambapo Kiswahili kina kongano la nazali na konsonanti, kama katika neno pamba, waandishi wengi wa kale waliiacha nazali bila kuiandika, hivyo silabi -mba ikawa be moja yenye fataha. Kwa macho ya aliyezoea hati za Kirumi hilo ni kosa la kuacha herufi. Kwa macho ya aliyezoea kuhesabu silabi, silabi moja imepewa herufi moja.

Mizani ya ushairi wa Kiswahili huhesabiwa kwa silabi. Utendi una mishororo yenye mizani 8. Shairi la kawaida lina mizani 16, zikigawanywa sawa kati ya ukwapi na utao. Ni dhahiri kwamba mpangilio huu haukuzuliwa na chuo, kwa kuwa nyimbo na ngoma zilihesabu mapigo kabla ya mtu yeyote kuandika, na mtunzi asiyejua kusoma huweza kutunga pasi na kukosea hata mzani mmoja. Dai la makala haya ni dogo kuliko hilo. Hati ya Kiarabu, kwa namna ilivyofundishwa, ilimpa msomaji wa Kiswahili kipashio cha jicho kilichooana na kipashio cha sikio. Mnakili aliyetaka kuukagua mshororo alizihesabu herufi zenye irabu, akiziruka alifu, wau na ye zilizoandikwa kwa ajili ya kurefusha sauti, na kwa sehemu kubwa akapata mizani. Yapo yaliyotoka nje ya kanuni hii, kama ile m ya mtu ambayo ni silabi kamili bila irabu. Hata hivyo, ulinganifu ulitosha kuufanya ukaguzi wa mizani kuwa jambo la kutazama na la kusikiliza kwa wakati mmoja.

Ushahidi kwamba watunzi waliuona uhusiano huu umo katika utunzi wenyewe. Dura Mandhuma, shairi linalonasibishwa na Umar bin Amin, kadhi wa Siu, limejengwa juu ya alifbe. Beti zake huzifuata herufi za Kiarabu kwa utaratibu wake, na mishororo huanza kwa herufi ya zamu pamoja na irabu zake. Lile zoezi la mtoto wa chuoni limekuwa kiunzi cha shairi la mtu mzima, tena la mawaidha. Jina lenyewe lina maana ya lulu zilizotungwa katika uzi, na Kiswahili, kwa bahati njema, hutumia kitenzi hicho hicho cha kutunga kwa ushanga na kwa shairi. Msomaji asiyepata kuimba irabu utotoni ataliona shairi hili kuwa mchezo wa herufi. Aliyeziimba ataona kwamba mtunzi amemrudisha kwenye ubao wake wa kwanza ili amfundishe upya, safari hii maana badala ya sauti.

Hapa pia ndipo mahali pa kumtaja Mwana Kupona. Katika utendi alioutunga mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake, mama mgonjwa anamwita mwana asogee karibu akiwa na wino na karatasi. Wahakiki wamejadili kwa upana nafasi ya mke katika ndoa kama inavyoelezwa na utendi huo. Ni wachache waliosita penye wino na karatasi. Wasia unaanza kwa kuchukulia kuwa binti anaweza kuandika. Mwana wa kike wa Pate, katikati ya karne ya 19, amefundishwa herufi hadi kufikia hatua ambayo watoto wengi wa kiume wa chuoni hawakuifikia, na mama analitaja jambo hilo kama la kawaida. Hoja yoyote kuhusu sauti ya mwanamke katika utendi huo haina budi kuanzia hapo.

Herufi Ambazo Hazikufundishwa

Chuo kilikuwa na kusudi moja, nalo ni kumwezesha mtoto kuisoma Kurani. Hakikukusudia kumfundisha kuandika Kiswahili. Hali hii ina athari kubwa. Kiarabu hakina p, ch, v wala g ya neno gari, na irabu zake za msingi ni tatu, ilhali Kiswahili kina tano. Mtoto alitoka chuoni akiwa na herufi za lugha ya ibada, na hakuna aliyekuwa amempa herufi za lugha ya mama yake. Alipotaka kuandika barua au kunakili utendi alilazimika kukisia: be ikasimama mahali pa p na mb; fe ikasimama mahali pa v; kasira ikawa i na e; dhuma ikawa u na o.

Matokeo yake yanaonekana wazi. Be mbili zenye fataha zaweza kusomwa baba, papa, bapa, pamba au bamba. Kafu mbili zenye dhuma zaweza kuwa kuku au koko. Msomaji hakulitoa neno katika karatasi. Alilijua neno, na karatasi ikamkumbusha. Wageni waliochunguza hati hizi katika karne ya 19 na ya 20 walihitimisha mara kwa mara kwamba hati za Kiarabu hazikifai Kiswahili. Hitimisho hilo linachanganya mambo mawili. Upungufu haukuwa katika hati, bali katika mafunzo. Wairani walikabili tatizo hilo hilo karne nyingi kabla, wakaongeza nukta na mistari kwenye herufi zilizokuwepo, wakapata pe, che na ge zao, na watoto wao wakafundishwa herufi 32. Kwa Kiswahili kilichohitajika kilikuwa ni mtu wa kuziongeza herufi hizo katika somo la kwanza la mtoto.

Juhudi hazikukosekana. Mombasa, Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyefariki mwaka 1890, alitumia nukta na alama za ziada kutenga sauti za Kimvita ambazo alifbe ya Kiarabu haina. Ndiye aliyeshirikiana na W. E. Taylor, mmishonari wa Kianglikana, katika kukusanya na kunakili tungo za Mombasa, na bila mkono wake tungo nyingi za Muyaka bin Haji zisingetufikia. Baada yake Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui (1891-1947) alikitetea Kiswahili kwa hati za Kiarabu, na Sahifa, gazeti alilolianzisha mwaka 1930, lilitolewa kwa hati hizo. Kule Lamu, Muhammad Kijuma, mnakili na mchongaji hodari, aliendelea kuandika tenzi kwa mwandiko ambao watafiti wa Kizungu waliutumia kama kigezo. Lakini marekebisho ya wataalamu hawa yalibaki kwenye meza ya mwanachuoni. Hayakuteremka mkekani. Mtoto wa chuoni aliendelea kufundishwa herufi 28, na kila kizazi kikajikisia upya p yake. Taratibu ya maandishi isiyomfikia mtoto wa miaka sita haiwezi kudumu, hata ikiwa bora kiasi gani.

Jambo hili lina umuhimu wa pekee kwa uhakiki wa ushairi. Shairi liliweza kustahimili hati yenye utata kuliko barua au habari ya kawaida. Penye shaka kati ya maneno mawili, mizani ilikataa neno moja; kina kikalikataa jingine; na kumbukumbu ya walioghani ikaamua yaliyobaki. Nathari haina walinzi hawa. Huenda hii ikawa mojawapo ya sababu, ingawa si ya pekee, zilizofanya maandishi ya kale ya Kiswahili yaliyothaminiwa na kunakiliwa yawe zaidi ya nathari ushairi. Aidha, tofauti zinazoonekana kati ya matoleo ya Al-Inkishafi au ya Utendi wa Mwana Kupona hazipaswi zote kuhesabiwa kuwa ni mapokeo tofauti. Nyingine ni herufi zile zile zilizosomwa na wahariri wawili kwa namna mbili. Anayejenga hoja ya kimtindo juu ya neno moja katika toleo la Kirumi hana budi kujiuliza kwanza kama neno hilo ni la mtunzi au ni la mhariri.

Kuja kwa Hati za Kirumi

Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844. Katika sarufi yake ya Kiswahili ya mwaka 1850 alichagua hati za Kirumi, na miongoni mwa sababu zake ilikuwa hofu kwamba hati za Kiarabu zingeimarisha Uislamu bara. Uamuzi huo, basi, haukuwa wa kifonetiki tu tangu mwanzo. Edward Steere, Unguja, alitoa kitabu chake cha sarufi mwaka 1870, na mtambo wa uchapaji wa misheni yake ukaanza kutoa maandishi ya Kiswahili kwa hati hizo. Mwaka 1875 kijiji cha Freretown kilianzishwa karibu na Mombasa kwa ajili ya watu waliokombolewa katika utumwa. Watoto waliofundishwa huko na Kiungani walitoka katika makabila mbalimbali. Hawakuwa wamepitia chuoni, na wengi wao hawakuzaliwa katika Kiswahili. Kwao lugha mpya na herufi mpya vilifika pamoja.

Ni muhimu kuelewa kwamba mbinu ya kufundishia haikubadilika kwa kiasi ambacho hati ilibadilika. Mtoto wa misheni naye aliimba: ba, be, bi, bo, bu. Silabi ilibaki kuwa mlango wa kusoma, kwa kuwa Kiswahili chenyewe huidai. Kilichobadilika ni uhusiano wa silabi na karatasi. Irabu, iliyokuwa alama ndogo juu au chini ya herufi, sasa ilikaa mstarini kama herufi kamili, na zilikuwa tano. P na v zilipata mahali pao tangu siku ya kwanza. Mtoto aliweza kulisoma neno asilolijua, jambo ambalo mtoto wa hati za Kiarabu hakuliweza kwa uhakika. Hiyo ilikuwa faida kubwa, na haifai kubezwa. Pasipo faida hiyo, Kiswahili kisingeenea bara kama lugha ya kusomwa na watu wasiokisikia nyumbani.

Gharama nayo ilikuwepo. Pamba sasa ina herufi tano na silabi mbili. Jicho haliwezi tena kuhesabu mizani kwa kuhesabu kilichoandikwa. Mizani imekuwa jambo la kufundishwa kwa kanuni katika shule ya sekondari, mbali na darasa ambalo mtoto alifundishwa kusoma. Wanafunzi hukata mishororo kwa vistari vya kalamu ili wazione silabi ambazo mtoto wa chuoni alizikuta zimekwisha kutengwa.

Gharama nyingine ilitokana na usanifishaji. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi mwaka 1930. Tahajia iliyokubaliwa ilikuwa nyepesi na ya kufundishika, lakini iliacha tofauti ambazo Mwalimu Sikujua alikuwa amezihangaikia. Paa la nyumba na paa wa mwituni huandikwa sawa, ilhali katika Kimvita mpumuo wa p huyatenga. T ya meno na t ya ufizi zikawa herufi moja. Mtoto wa Mombasa aliketi darasani akafundishwa kuiandika lugha yake kwa herufi chache kuliko sauti alizozitamka. Yale yale yaliyolaumiwa katika hati za Kiarabu, yaani herufi moja kubeba sauti mbili, yalirudi kwa mlango wa nyuma, ila safari hii yaliitwa usanifu.

Hatimaye palikuwa na suala la hadhi. Utawala wa kikoloni, wa Kijerumani na wa Kiingereza, ulifungua shule zake na kuajiri makarani wake kwa hati za Kirumi. Mtu aliyeweza kusoma msahafu, kuandika barua ya biashara na kunakili utendi wa beti mia kadhaa alijikuta, mbele ya karani kijana, akiweka alama ya kidole. Hakusahau kusoma, kusoma kwake kuliacha kuhesabiwa. Hadithi ya kwamba Wazungu walikikuta Kiswahili kikiwa lugha isiyoandikwa ilipata nguvu kutokana na mabadiliko haya ya hesabu, na imewahi kurudiwa hata na waandishi wa Kiafrika wasio na nia mbaya.

Darasa la Baadaye

Mtoto wa pwani katika karne ya 20 aliishi katika alifbe mbili. Asubuhi shuleni aliandika kutoka kushoto kwenda kulia. Alasiri madrasani, kutoka kulia kwenda kushoto. Hali hiyo inaendelea hadi leo. Kinachostahili kuzingatiwa ni kwamba hati hizo mbili ziligawana kazi: ya kulia ikawa ya Kiarabu na ibada, ya kushoto ikawa ya Kiswahili, Kiingereza na mitihani. Kiswahili kilihama kutoka hati moja hadi nyingine bila tangazo, kwa ratiba ya siku ya mtoto.

Mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, ulikifanya Kiswahili kuwa somo la lazima na la kutahiniwa nchini Kenya. Hapo mgongano mwingine ukajitokeza kwa nguvu. Herufi zile zile za Kirumi humfikia mtoto wa Kenya kwa majina ya Kiingereza na kwa sauti za Kiswahili. Herufi a kwa Kiingereza ina jina moja na sauti kadhaa. Kwa Kiswahili jina lake na sauti yake ni kitu kimoja. Herufi c haina kazi katika Kiswahili ila ikiwa pamoja na h. Q na x hazina kazi kabisa. Mtoto aliyeanza kwa majina ya Kiingereza hulazimika kuyasahau ili aweze kusoma neno kama kaa. Mradi wa Tusome, ulioenezwa nchini kuanzia mwaka 2015, ulitilia mkazo sauti na silabi katika madarasa ya mwanzo kwa Kiswahili na Kiingereza. Kwa upande wa Kiswahili, hilo lilikuwa kurejea njia ambayo mwalimu wa chuoni na mwalimu wa misheni waliijua, yaani herufi si jina, ni kinachosikika inapobeba irabu.

Wakati huo huo, idadi ya wanaoweza kusoma Kiswahili kwa hati za Kiarabu imezidi kupungua. Ahmed Sheikh Nabhany, mshairi na mtafiti mzaliwa wa Lamu aliyefariki mwaka 2017, alikuwa miongoni mwa waliozisoma hati hizo kwa ufasaha na kuwafasiria watafiti wa vyuo vikuu vya ndani na nje. Tasnifu nyingi za uzamili na uzamifu zimesimama juu ya usomaji wa wazee wa aina yake. Zilipata hati ikiwa imekwisha kugeuzwa ya Kirumi, mashaka yamekwisha kuamuliwa, na zikaanza kazi pale. Mzee alikuwa bado anasoma kwa jicho lililofundishwa nukta. Mtafiti alisoma kwa jicho la mzee.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba somo la kwanza la herufi ni sehemu ya historia ya fasihi. Chuo kilimpa mtoto silabi kama kipashio cha jicho, kikamfundisha kwamba andiko na ukariri ni mikono miwili ya mwili mmoja, lakini kikamnyima herufi za lugha yake. Shule ya Kirumi ilimpa herufi hizo, ikamfungulia maneno asiyoyajua, lakini ikamtenga na urithi ulioandikwa kabla yake na ikaifanya mizani kuwa kanuni badala ya mazoea. Hakuna mojawapo inayofaa kuhukumiwa kwa kigezo cha nyingine.

Yapo mambo mawili yanayofuata kutokana na hayo. Kwanza, wahakiki hawana budi kuacha kuuita ushairi wa kale wa Kiswahili ama simulizi ama andishi, kana kwamba mtunzi alilazimika kuchagua. Mtu aliyeosha ubao wake kila alipohifadhi somo hakulijua chaguo hilo. Pili, idara za Kiswahili zina wajibu wa kuzifundisha hati za Kiarabu kwa wanafunzi wa shahada za juu wanaojishughulisha na ushairi wa kale, si kama pambo, bali kama chombo cha kazi, sawa na mhakiki wa fasihi ya Kiyunani anavyofundishwa herufi za Kiyunani. Somo lenyewe si refu. Ni herufi 28, na zile chache walizoziongeza akina Mwalimu Sikujua, pamoja na irabu zake. Mtoto wa miaka sita huliweza kwa miezi michache. Hati zenyewe zinaliwa na mchwa na chumvi ya bahari katika makasha ya Lamu, Siu na Mombasa, na nyingine zimelala katika maktaba za London na Hamburg. Zikisubiri msomaji anayezijua kwa nukta zake, bado zitamwambia jambo. Zikibaki kusomwa kwa matoleo ya Kirumi peke yake, uhakiki wa Kiswahili utaendelea kutoa hukumu juu ya maneno ambayo yaliamuliwa na watu wengine.